Hori la Maxine

Katika nyumba ya Mzee Kipkirui, mtoto alihesabiwa kuwa ameanza kutembea siku alipokimbia. Mzee mwenyewe aliiwakilisha wilaya katika mbio za nyika mwaka wa 1984 akawa wa nne, na kwa miaka arobaini sasa wale watatu waliomtangulia wamekuwa wakipungua kila anaposimulia. Mara ya mwisho aliposikika akisimulia, alikuwa amebaki mmoja tu, na huyo naye alikuwa amekata kona.

Watoto sita wa kwanza walikimbia vizuri, wengine hata pale ambapo hakuna aliyewafukuza. Wa saba, Rodah Chepkosgei, alizaliwa na nyayo bapa kama chapati, akakimbia kama bata aliyepata habari mbaya. Alipokuwa darasa la sita, kwenye mita mia nane za shule ya msingi iliyo juu ya mto huko upande wa Sigowet, alifika walimu wakiwa wamekwisha kukunja kamba ya mwisho na mgeni wa heshima yuko kwenye soda ya pili. Baba yake alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa na kutiwa mkaa ambayo huku hunyweshwa mshindi mbele ya watu, shingoni kavishwa majani ya sinendet. Mzee alirudi na kibuyu kikiwa kimejaa. Njia nzima hakusema neno. Rodah angependelea achapwe, mambo yaishe.

Mtumbwi ulikuja nyumbani mwaka wa 2015, tumbo juu.

Aliyekuwa ndani yake ni Mholanzi mmoja mrefu, aliyekuwa akishuka mto wakati wa mvua kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa mpaka leo. Aligonga jiwe, akatokea kwenye napia, nyasi za ng'ombe, ya Mzee Kipkirui akitambaa. Akapewa ugali, akapewa mursik, akausifu sana, kisha akaenda kuutapika kwa adabu nyuma ya jikoni. Gari lilipokuja kumchukua aliacha mtumbwi wake kama shukrani, maana ulikuwa na ufa.

Mzee aliuzunguka mara tatu. Ulikuwa mrefu kupita mlango wa kanisa, mwekundu, mwembamba, umefunikwa juu wote, isipokuwa shimo moja la katikati ambamo mwenye kupiga kasia hupiga magoti. Mzee akaingiza kichwa kwenye shimo hilo. Akakitoa. Uso ulikuwa umeng'aa.

"Mtu ametengeneza hii kitu," alisema, "anajua ng'ombe."

Kwa miaka mingi ng'ombe wa boma lile walikuwa wakiibiana chakula mchana kweupe. Aliyeumia zaidi ni Maxine, ng'ombe wa Friesian aliyepewa jina na yule jamaa wa kupandisha kwa sindano, labda kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Maxine alitoa lita kumi na nane kwa siku na alikuwa mpole mno, akisukumwa anapisha. Sasa hapa palikuwa na hori lenye mlango mmoja, kipimo cha kichwa kimoja. Akishaingiza uso wake mle, hata mbuzi hakuona pa kupenya. Mzee aliufunga mtumbwi kwenye nguzo mbili, akatia napia, akatia molasi, akasimama kando mikono nyuma kama mtu anayezindua barabara.

Tatizo likawa ufa. Molasi ilivuja. Akaitwa Okeyo, mtu wa kando ya ziwa aliyeajiriwa kulinda pampu ya maji kule mtoni, fundi wa kila kitu kilichoharibika.

"Mzee," Okeyo alisema, "hii ni boti."

"Ilikuwa boti. Saa hii iko na kazi."

Okeyo aliziba ufa kwa gundi na nyuzi za faiba, akapiga msasa, akaziba tena, kazi safi kuliko hori lolote linavyostahili. Alipokuwa akinawa mikono alimwambia Rodah polepole, "Nyar Sigowet, hii inaweza kwenda maji sasa. Mimi nimesema tu." Nyar Sigowet ni kusema msichana wa Sigowet, na ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo.

Rodah alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anachuma majani chai ya nyumbani na kungoja maisha yaanze. Maxine alikula saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kati ya saa hizo mbili, mtumbwi haukuwa na mwenyewe.

Mwezi wa kwanza alijifunza jambo moja tu, kutoka ukiwa kichwa chini. Okeyo alimchongea kasia la mti wa saiprasi, akakaa kwenye mwamba na kikombe chake cha chai, akipiga kelele, "Usipigane na maji! Yaulize yanaenda wapi!" Rodah aliyauliza. Yalikuwa yanaenda puani. Lakini mwezi wa tatu alivuka maporomoko ya kwanza akiwa bado juu, na kitu kikamfungukia kifuani. Hapa hapakuwa na haja ya nyayo. Palitakiwa mabega ya mtu aliyebeba gunia la majani tangu utoto, na magoti ya mtu aliyelelewa na mama wa maombi. Vyote alikuwa navyo.

Kijiji kilijadili. Kwamba binti ya Kipkirui anashuka mto ndani ya sahani ya ng'ombe. Kwamba anavaa sketi ya mpira inayofunika shimo maji yasiingie, na chini ya sketi hiyo haijulikani kuna nini. Pasta pekee ndiye aliyefurahi. Alimtaja madhabahuni kama mfano wa kijana anayepita katikati ya mawimbi akiwa amepiga magoti, na vijana wakapata sababu ya kwenda mtoni Jumapili.

Mzee Kipkirui hakufurahi. "Mchezo gani huo, mtu anashinda akiwa amepiga magoti? Sisi tukipiga magoti ni kuomba ama ni kutapika."

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa kwenye mto Sagana, 2018. Alikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na watano, na wa kumi na tano alikuwa na malaria. Mwaka uliofuata alikuwa wa sita. Mwaka wa 2022 akawa wa pili. Kila alipopanda kilima akirudi, mtumbwi begani, baba yake alimngoja getini.

"Wa ngapi?"

"Wa pili, Baba."

"Mm." Halafu mzee angeupokea mtumbwi na kumpelekea Maxine mbio mbio, kwa maana Maxine naye alikuwa na msimamo wake. Siku zote za Sagana aligoma. Aliwekewa hori la mbao, akaligeukia makalio. Aliwekewa karai, akalikanyaga. Lita zilishuka kutoka kumi na nane hadi kumi na moja. Mpole yule yule asiyeweza kumsukuma ndama, alikuwa amejifunza siasa.

Basi ikafika 2024. Obure, katibu wa chama cha mchezo huo, mtu wa kizibao chenye mifuko kumi na mbili, alikuja kuuangalia mto, akaupenda, akatangaza kwamba mashindano ya taifa yatafanyika hapo hapo, yaishie kwenye daraja lililo chini ya kijiji. Rodah alihitaji mtumbwi wiki mbili mfululizo, kutwa kucha. Akaenda kumwomba baba yake, Okeyo akiwa shahidi.

Mzee alifikiri kwa muda wa kukamua chuchu mbili.

"Sawa. Ukishinda, hii kitu ni yako milele, Maxine nitamtafutia ingine. Ukishindwa, inarudi kwa boma siku hiyo hiyo, naifunga na nyororo. Wewe unarudi kwa chai, na maneno ya mto yanaisha kwa hii nyumba."

"Na mursik, Baba?"

"Mursik ni ya mtu ya kwanza. Hata kama ni paka."

Walipeana mikono. Usiku ule Rodah hakulala sana. Hakuwa na mtumbwi mwingine wala pa kuupata, na bila mtumbwi alikuwa tena yule bata wa darasa la sita.

Sasa, mbio za maji makali zina utaratibu wake. Mto ni mwembamba, hauwezi kubeba watu tisa wakigombana, kwa hiyo huachiliwa mmoja mmoja, kila baada ya dakika, na mshindi hujulikana kwa saa. Wanyonge huanza. Wakali humalizia. Rodah, akiwa mkali kuliko wote mwaka huo, alipewa namba tisa. Alimweleza baba yake jambo hili asubuhi, mara mbili, mzee akiwa anafunga buti zake za mpira. Mzee aliitikia kwa kichwa jinsi watu huitikia maelezo ya simu mpya.

Rodah aliachiliwa wa mwisho. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, na siku hiyo hata hakuuliza unakwenda wapi. Alijua. Kwenye jiwe alilogonga Mholanzi alipita karibu kiasi cha kulisalimia. Kasia la Okeyo liliingia na kutoka kama kijiko kwenye uji, na alipopinda kona ya mwisho alijua, jinsi mtu anavyojua amechanganya ugali ukakubali, kwamba hajawahi kwenda hivi.

Halafu akaona daraja. Na chini ya daraja akamwona baba yake, kibuyu mkononi kimeinamishwa, akimnywesha mursik msichana mwingine.

Msichana huyo alikuwa Moureen Nyaberi, kutoka vilima vya Nyamira, mwaka wake wa kwanza mchezoni. Alianza na namba moja, akafika wa kwanza, kama ilivyo kawaida ya walioanza wa kwanza. Alikuwa amepinduka mara mbili na kumeza sehemu kubwa ya mto. Alipotua akakuta mzee wa buti akimvisha majani shingoni na kumwekea kibuyu mdomoni huku akina mama wakipiga vigelegele. Alidhani ndivyo wageni wanavyokaribishwa huku. Akanywa.

"Baba!" Rodah aliita akigusa ukingo.

"Nyamaza." Macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Wa tisa! Wa mwisho kabisa! Na mimi nimesimama hapa mbele ya watu, kama ile siku ya shule!"

"Baba, ni ya saa! Wanapima na saa!"

"Saa gani? Mimi niko na macho."

Rodah alitaka kusimama amshike, lakini aliyepiga magoti katika shimo lile dakika kumi na tano za kufa na kupona huwa hana miguu. Imelala ganzi, ni mizigo tu. Alitolewa na watu wawili, akawekwa kwenye nyasi kama gunia, na kutoka hapo akatazama mtumbwi wake ukifungwa kamba nyuma ya bodaboda, mzee akiukalia, wakipanda kilima kwa moshi mwingi. Ahadi ni ahadi.

Dakika ishirini baadaye Obure alisoma majina kwa kipaza sauti. Rodah Chepkosgei, wa kwanza, kwa sekunde nne. Daraja zima lilipiga kelele. Obure akaendelea kusoma, kwa sababu hakuwa mtu wa kukatizwa na furaha. "Mtumbwi wa mshindi uletwe upimwe uzito. Usipungue kilo kumi na mbili. Usipofika kwa nusu saa, ushindi unafutwa."

Rodah aliomba simu.

"Baba, nimeshinda."

"Umeshindaje na wa kwanza nimemnywesha?"

"Baba, sikiza. Ukipeleka maziwa kwa dairy, ni nani anapata nyingi? Ni yule amefika kwanza?"

"Wacha ujinga. Ni yule ako na lita nyingi."

"Basi kufika ni kufika tu. Wanapima dakika kama vile dairy inapima lita. Zangu ndizo kidogo kuliko za wote. Na wanataka mtumbwi sasa hivi, la sivyo wananitoa."

Kwenye simu ilisikika sauti ya Maxine akitafuna kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi.

"Kwa nini," mzee alisema, "hukusema hivyo asubuhi?"

Bodaboda ilikuwa imeshuka zamani, ikachukua abiria mwingine. Kutoka bomani hadi darajani ni kilomita mbili na nusu, matope. Watu wa darajani walitazama kilima, Rodah naye, akikanda mapaja yake. Zikapita dakika kumi. Kumi na tano. Halafu katikati ya mashamba ya chai kikatokea kitu chekundu kirefu kikielea juu ya majani bila mwenyewe, na chini yake, kilipofika kwenye njia, buti mbili.

Mzee Kipkirui, miaka sitini na minne, alikuwa anakimbia. Alikimbia kama 1984, magoti juu, mtumbwi begani, napia ikidondoka nyuma yake kama sadaka, na nyuma ya napia, Maxine, kamba imekatika shingoni, akifuata chakula chake.

"Huyo sasa hatakata kona!" mama mmoja alipiga kelele. "Maxine anakuja!"

Alifika zikiwa zimebaki dakika tatu. Alikuwa anahema. Alielekeza tu kidole.

Mtumbwi ulisuuzwa molasi, ukafutwa. Mizani ya Obure ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa zimekufa asubuhi. Lakini hatua ishirini kutoka darajani palikuwa na kituo cha kupimia majani chai, na ndani yake Ratemo, karani, na mizani yake ya ndoano inayoning'inia. Mtumbwi ulitundikwa. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Kumi na moja," Ratemo alisema.

Obure aliandika. Alifuta jasho kwa masikitiko ya kiofisi. "Pole sana, dada. Umepungua kilo moja. Sheria ni sheria."

Rodah alihisi ganzi ikirudi, safari hii ikianzia juu. Mkono wa baba yake ulikuwa begani mwake. Hakujua umefika hapo lini. Mzee alikuwa bado anahema. Alisogea kwenye mizani, akaitazama kwa ukaribu, kama alivyoitazama kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka thelathini bila kusema kitu.

"Ratemo. Huu mshale uko wapi?"

"Uko kumi na tatu, Mzee."

"Na wewe umesema?"

"Kumi na moja."

"Mbili imeenda wapi?"

Ratemo alionekana kushangazwa na swali. "Moja ni ya gunia. Ingine ni ya umande."

"Gunia iko wapi?"

Ratemo aliutazama mtumbwi. Aliutazama mbele, akautazama nyuma. Gunia halikuwapo. Umande haukuwapo, ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa amekata kilo mbili kwa mkono wake mwenyewe, bila ubaya wowote, jinsi mtu anavyopangusa miguu mlangoni.

Wote waliosimama pale walikuwa wakulima wa chai.

"Rudisha kilo!" sauti moja ilisema.

"Rudisha!"

"Na zangu za Jumanne, Ratemo!"

"Mimi ni za tangu 2009! Marehemu mzee wangu alikuwa anasema, hakuna mtu alimsikiza!"

Obure, ambaye hakuelewa kilichowapata watu hawa ghafla kwa ajili ya mtumbwi, alisukumwa hadi kwenye mizani, akashikwa kichwa kwa heshima na kuelekezwa kwenye mshale. "Kumi na tatu," alisoma. "Kumi na tatu kamili!" Akafuta, akaandika. Ndiyo mara ya kwanza katika historia ya kituo kile kilo kurudi, na Ratemo aliomba ruhusa ya siku tatu.

Moureen Nyaberi alikuja akiwa ameshika majani ya sinendet, uso umejaa aibu na kicheko. Alikuwa ameona matokeo. Alikuwa wa tisa.

"Dada, chukua hii kitu yako. Mimi nilidhani ni karibu ya huku." Alimvisha Rodah.

"Na mursik?" Mzee aliuliza.

"Nilimaliza, Baba. Nilikuwa nimekunywa mto mzima, nilitaka kitu ya kuondoa ladha."

Mzee alikipindua kibuyu. Likatoka tone moja, likaangukia buti lake. Alilitazama muda mrefu.

Alitimiza ahadi. Mtumbwi ulihamishiwa chumbani kwa Rodah, ukalala kando ya kitanda. Maxine akagoma, lita zikashuka hadi tisa, dairy ikichukua zake maziwa yakatosha chai tu, na mursik hautengenezwi kwa ya chai. Bingwa wa taifa alikaa wiki tano bila kunyweshwa. Mzee alimpita asubuhi akiangalia pembeni.

Wiki ya tatu Obure aliwaletea zawadi ya bingwa, mtumbwi mpya kabisa kutoka ng'ambo, mweupe, majina ya wafadhili ubavuni. Rodah aliujaribu mtoni siku mbili. Ulikuwa mwepesi kama uongo, ukimtupa kila kona. Akaurudisha nyumbani, akausimamisha ukutani. Baba yake alikuja akasimama karibu. Alipima tu shimo lake kwa viganja, halafu akapima hewa, upana wa kichwa cha ng'ombe.

"Baba," Rodah alisema. "Chukua tu."

Kwa hiyo Obure aliporudi na mpiga picha na mwakilishi wa wafadhili, wakitaka kumwona bingwa na mtumbwi mpya, Mzee Kipkirui hakuona sababu ya kuficha. Aliwaongoza kwa fahari hadi zizini. Maxine aliinua uso kutoka katikati ya majina ya wafadhili, molasi puani, akawatazama, akarudi kazini. Lita kumi na nane.

Mwakilishi alikuwa bado anajaribu kusoma majina chini ya molasi mzee alipotoka jikoni na kibuyu. Kilikuwa kimejaa. Alimwita Rodah mbele yao wote, akakiinua kibuyu, kisha akasita, akamgeukia Obure.

"Bwana Katibu. Una hakika hakuna mwingine bado yuko njiani?"

"Hakuna, Mzee. Ilikwisha mwezi uliopita."

Mzee alitazama tena upande wa mto, kwa uangalifu, juu hadi chini. Ndipo akamwekea binti yake kibuyu mdomoni.